Mashine Iliyojengewa Nyumba

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa feni. Mtu aliyekula ujana wake akipooza na kupasha joto nyumba za wenzake, mnamstaafisha na feni ya mezani, tena yenye stika ya duka. Nimeipokea kwa moyo mkunjufu, na inazunguka vizuri. Mkaniomba pia niandike machache ya kazini, nadhani mkitegemea habari za vyeo. Vyeo havikunisumbua sana, na mshahara nitauacha ulale pema. Nitawaandikia habari za brashi ya kunyolea ndevu, za dada yangu Felista, na za mashine moja iliyonifundisha kwamba kufunga mtambo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwazuia wenye mtambo wasiupende kupita kiasi.

Nilianza kazi katika kiwanda cha nguo, hapa hapa Morogoro, idara ya hewa. Siku ya kwanza mtunza stoo, alipoona mwanamke, alinionyesha njia ya kwenda jikoni kwa wapishi, na nilipomwambia kuwa mimi ni fundi alinionyesha njia ile ile kwa mara ya pili, safari hii polepole zaidi. Idara ya hewa ilikuwa na kazi ya kupooza ukumbi wa kufumia na kuutia unyevu ili nyuzi zisikatike. Sisi wenye mikono na miguu tuliachiwa jasho letu. Nyuzi zilitunzwa kuliko binadamu yeyote mle ndani, na kwa kweli hazikuwahi kuomba likizo.

Aliyenipokea ni Mzee Salumu, mtu wa Kilosa, mwembamba, mpole, mwenye kidevu laini kama sahani. Hakuwa na ndevu hata za kuazima, lakini mfukoni hakukosa brashi ya kunyolea. Kiwandani tulikuwa na mashine ya kubabua vitambaa, ambayo hupitisha nguo juu ya moto wa gesi ili kuondoa vinyweleo, na mabomba yake ndiyo yalikuwa darasa langu. Mzee Salumu alikwangua sabuni ya mche ndani ya kikombe, akaikoroga mpaka ikatoa povu, akanipa brashi na kuniambia nipake kila kiungo, kisha nikae nitazame. Povu likivimba, gesi inatoka. Lisipovimba, ngoja kidogo, halafu paka tena. Mwenzetu mmoja aliona huo ni uvivu wa kizee, akawa anatafuta gesi inayovuja kwa kuwasha kiberiti. Siku moja aliipata. Nyusi zake zilirudi baadaye, ila hazikurudi pale pale zilipokuwa.

Mzee Salumu hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza mbele ya kila mashine, liwe tanuri au jiko la mama lishe: hewa inaingilia wapi, na moshi unatokea wapi? Ukishindwa kumjibu, hakukuruhusu kuwasha. Niliwahi kumwambia kwamba swali lenyewe ni la kitoto. Akakubali kwamba ni la kitoto, kisha akasubiri jibu.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Madukani vikajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na sokoni yakamwagwa mashati ya mitumba, mazuri, ya watu waliokwisha kuyachoka, kwa bei ambayo kiwanda chetu kisingeweza hata kununulia vifungo. Wakaja wageni wenye tai kukikagua kiwanda. Walitikisa vichwa, wakaondoka, wakaja wengine wakatikisa vizuri zaidi. Mwishowe tukapunguzwa, neno lililochaguliwa kwa uangalifu, kana kwamba tulikuwa wanene. Mzee Salumu alirudi Kilosa kulima. Siku ya kuagana alinipa ile brashi, akasema yeye sasa atanyoa mahindi.

Nikafungua karakana Msamvu, nyuma ya stendi, hii hii mnayoijua. Soko huria lilituletea majokofu yaliyokwisha kufanya kazi kwao mpaka yakakata tamaa, nasi tukayashawishi yaendelee. Nilikuwa na kazi kuliko nilivyokuwa nayo kiwandani. Ndipo siku moja akaja Sista Benedikta, mkuu wa kituo cha afya cha misheni, huko juu milimani kupita Mlali, mahali ambapo mwezi wa Julai hata mbu huvaa sweta. Mtawa huyu alikuwa na sauti ya chini na msimamo wa juu. Akanieleza kuwa marafiki wa misheni walioko ng'ambo wamewaletea kontena lenye vitanda, makoti, viatu vya kutelezea kwenye barafu, na mashine kubwa asiyoijua jina.

Nilipanda kwenda kuitazama. Ilikuwa mashine kamili ya nyumba nzima, ya kupasha joto kwa gesi na kupooza kwa umeme, vyote ndani ya sanduku moja la bati refu kama kitanda na pana kama meza ya kulia. Huwekwa nje ya jengo, ikavuta hewa ya chumbani kupitia njia moja ya bati, ikaipasha, na kuirudisha kupitia njia nyingine. Upande wa kupooza tuliufunga tangu mwanzo, kwa kuwa umeme wa misheni ulitoka kwenye maporomoko na usingeweza kuuamsha, na kwa kuwa baridi tulikuwa nayo ya kutosha bila msaada wa mtu. Joto ndilo Sista alilolitaka. Wodi ya wazazi ilikuwa ya mawe, na watoto wachanga walikuwa wakizaliwa wazima halafu baridi inawapokea vibaya. Aliniambia amekwisha kuwazika wengi kuliko anavyopenda kukumbuka. Baada ya hapo sikuuliza tena kama kazi hii ina maana.

Kwa kuwa ninyi ni mafundi, nitaeleza tulivyofanya. Mashine ilikuwa imetengenezewa gesi ya bomba ya kwao, nasi tungetumia ya mitungi, kwa hiyo nilibadilisha nozeli zote, vile vitundu vya kutolea gesi, na kurekebisha mgandamizo kwanza. Asiyefanya hivyo atapata moto mrefu na maisha mafupi. Tulimwaga zege nje ya wodi, upande ambao upepo huondoka jengoni, na tukaiacha mashine na nafasi wazi pande zote, mtu aweze kuizunguka amenyoosha mikono. Tundu la moshi lilielekea bondeni, mbali na madirisha. Tundu la kuvutia hewa mpya lilikuwa upande wa pili. Mitungi tuliisimamisha peke yake, imefungwa kwa mnyororo, juu ya ardhi na si shimoni, maana gesi hii ni nzito na ikivuja hulala chini ikasubiri. Kisha nikatoa sabuni na brashi. Watawa wawili walisimama wakinitazama nikiyanyoa mabomba, na kwa heshima yao hawakucheka. Moto ulipowaka ulikuwa wa buluu, mfupi, uliotulia.

Aliyekabidhiwa mtambo alikuwa Mzee Gaspari, mwashi wa misheni, Mluguru wa kule kule, aliyejenga nusu ya majengo yale na kuyalaumu yaliyobaki. Nilimwonyesha koki ya kufunga gesi, nikamwonyesha rangi ya moto, nikamwambia nafasi ile iachwe wazi. Alinisikiliza kwa makini yote, kisha akauliza jambo moja tu.

“Sasa fundi, itakaa nje hivi hivi?”

Nikamwambia imetengenezwa ikae nje.

“Na mvua?”

“Inanyeshewa, mzee. Haidhuriki.”

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba askofu atalala zizini. Sikushangaa sana. Nyumbani kwangu redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, jokofu lilikuwa na chake, na kochi lilikuwa na vitambaa vingi kuliko wakaaji. Sisi kitu cha thamani hatukiachi uchi. Lakini nilidhani sanduku la bati la ukubwa ule litatutisha kidogo, tusilivalishe kitambaa.

Msimu wa kwanza ulipita salama. Sista akanitumia salamu na kabichi. Msimu uliofuata, Adelina, binti wa dada yangu Felista, alikwenda kujifungulia kule kule, na mimi nilijisifu kwa kila aliyetaka kusikia kwamba mtoto wetu atazaliwa katika joto la bibi yake mdogo. Kwa Kiluguru mtoto wa dada yako ni wako kabisa, wa ukoo wako, kwa hiyo Adelina ni mwanangu, na mtoto wake ni mjukuu wangu. Habari ikaja kwamba amepata mtoto wa kike. Nikafunga karakana, nikanunua unga wa uji na khanga, nikapanda mlima.

Nilifika asubuhi, ukungu bado umekaa. Wodini kulikuwa na joto zuri. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, wazazi watatu vitandani, na Felista amekaa kwenye kigoda karibu na binti yake, ameshika paji lake la uso. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Adelina alinitambua, akatabasamu, akasinzia tena katikati ya tabasamu. Mtoto alikuwa mzuri, mwekundu wa mashavu, na mzito kuamka. Felista akaniambia hanyonyi vizuri tangu jana yake.

Nikamtafuta Sista Benedikta, naye akaniambia kuwa ni malaria. Wodi nzima inaumwa kichwa na kutapika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza kile kilichokuwa kikimsumbua: ni malaria isiyo na homa, haionekani kwenye darubini, na kila mchana, wanapofungua madirisha ili kupiga deki, wagonjwa wanapata nafuu. Nikamwuliza mashine iko wapi. Swali la ajabu, maana niliiweka mwenyewe.

Nilizunguka nyuma ya wodi, nikaona nyumba. Kinyumba safi cha matofali ya kuchoma, kimepigwa lipu na kupakwa chokaa nyeupe, paa la bati, mlango wa mninga wenye kufuli. Hakikuwa na dirisha, kwa sababu mwizi hupitia dirishani. Mzee Gaspari alikuwa kando yake akifagia kizingiti. Akanikaribisha kama mwenye mji, akatoa ufunguo, akafungua. Ndani mlikuwa na joto la tanuri na unyevu unaotiririka ukutani, na mle gizani moto wangu wa buluu ulikuwa wa njano, mrefu, unayumba kama mlevi. Masizi yalikuwa yamepanda hadi darini. Juu ya mashine kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi kwenye pembe zake nne.

Hewa inaingilia wapi, moshi unatokea wapi. Moshi ulitokea mle ndani, na tundu la hewa mpya liliuvuta mle mle ndani, likausukuma wodini kwa mama na watoto pamoja na joto, ukiwa na ile sumu ya moto uliokosa hewa, isiyo na rangi wala harufu. Nilifunga koki ya mitungi. Nimewahi kuona gesi ikilipuka na sikuogopa kama nilivyoogopa mbele ya kile kitambaa.

Nikarudi mbio, nikafungua madirisha na milango, nikawaambia watu wote watoke. Hapo ndipo nilipokutana na dada yangu. Felista alisimama mlangoni, mikono ameitanua kushika miimo yote miwili, mwanamke mfupi aliyejaza mlango wote.

“Mtoto hatoki nje. Kitovu hakijaanguka.”

Nikamweleza kuna hewa mbaya inayotoka kwenye mashine, haionekani, haina harufu, na inaua.

“Ipi? Ile uliyoileta wewe?”

“Hiyo hiyo.”

“Mwaka jana ulisema inaponya. Leo inaua. Kesho utasema nini, Skola?” Akatazama ukungu uliokuwa ukiingia kupitia madirisha niliyoyafungua. “Hii ninaiona. Hii ndiyo inayoua watoto hapa. Ya kwako siioni.”

Alikuwa dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, na kwa mila zetu bibi wa mtoto ndiye mwenye kauli. Zaidi ya hayo, kuhusu baridi alikuwa anasema kweli. Tuliweka mashine kwa sababu ile ile. Sista alikuja akasimama nyuma yangu, na nadhani angeweza kumwamuru, lakini hakumwamuru. Mimi nilipiga magoti. Nilimwambia Felista kwamba sijui namna ya kumwonyesha kitu kisichoonekana, kwamba ninamwomba tu, na kwamba mtoto akibaki mle hataamka. Nililia, mbele ya watawa na wagonjwa na Mzee Gaspari aliyekuwa amesimama na ufunguo wake mkononi.

Felista aligeuka akamtazama Adelina, aliyelala katikati ya ugomvi wote ule bila kufumbua jicho. Adelina alikuwa mtoto ambaye hata paka akikohoa huamka.

“Jikoni,” akasema. “Jikoni ni ndani.”

Jiko la misheni lilikuwa ng'ambo ya ua, hatua chache tu, la kuni, lenye mwanya mpana kati ya ukuta na paa, jeusi kwa masizi ya miaka mingi. Tuliwahamisha wazazi kwa kuwakokota na kuwabeba, watoto wamefungwa ndani ya makoti ya ng'ambo, Felista akiwa mbele na mjukuu wake chini ya khanga zake, amefunikwa hata mlima usiione pua yake. Wapishi walisogeza masufuria. Moshi ulituwasha macho, tukakohoa, ukapanda juu na kwenda zake kupitia ule mwanya. Nilikaa sakafuni nikiutazama ukitoka, na nikamkumbuka Mzee Salumu. Lile jiko lingemjibu swali lake bila kufikiri.

Mchana Adelina aliomba uji. Baadaye kidogo mtoto alilia, kilio cha hasira kabisa, akanyonya kama anayedai haki yake. Felista alinisogezea kigoda, na kwa dada yangu hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Nilimkuta Mzee Gaspari nyuma ya wodi, amekaa mbele ya kinyumba chake. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, mengine mazuri sana, ambayo mpaka leo sijapata pa kuyatumia.

“Ilikuwa inanyeshewa, fundi,” akasema. “Usiku naisikia mvua inaipiga bati. Kitu kinachotufanyia wema wote ule. Nikaona si utu.”

Hakuna aliyemwomba aijenge nyumba ile. Matofali aliyafyatua mwenyewe, mbao zilitoka kwenye mti aliokuwa ameuweka kwa ajili ya mlango wa nyumba yake, na kitambaa alikifuma mkewe. Nikakaa kando yake, nikamweleza moto unavyopumua, kuanzia mwanzo, kama nilivyoelezwa mimi. Aliuliza maswali mazuri. Tulipomaliza alinyanyuka, akachukua nyundo, akakibomoa kinyumba kwa mkono wake, tofali moja moja, bila kuvunja hata moja, maana alikuwa mwashi. Kwa ajili ya wezi nilimruhusu uzio wa waya, wenye matundu makubwa, na kufuli lake. Nilisafisha sehemu ya kuchomea, nikapaka povu viungo vyote, nikawasha, nikakaa mpaka nikauona tena ule ubuluu. Hata hivyo Felista alikataa kurudi wodini, na wazazi wenzake wakamfuata.

Ndipo kikatokea ambacho hakuna mtaalamu wa ng'ambo aliyekipanga. Kwa matofali yale yale Mzee Gaspari alijenga chumba cha wazazi kando ya jiko, chenye sakafu kavu, ukuta mmoja uliogusana na mafiga, na mwanya mpana chini ya paa. Joto la kuni lilipita ukutani, moshi ukabaki upande wake. Gesi ilipopanda bei na mitungi ikawa haipandi tena mlimani, mashine ilizimwa, na hakuna aliyeona tofauti. Mtoto yule wa Adelina leo ni mwalimu Gairo, na akiumwa kichwa ni kwa sababu za kawaida za walimu.

Wiki iliyopita, kwa kuwa sasa nina muda, nilipanda kwenda kumzika Mzee Gaspari. Baada ya mazishi nilizunguka nyuma ya wodi. Mashine ingali pale, juu ya zege langu, imepata kutu, kuku wametagia ndani ya njia ya hewa. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Uzio ulikuwa umeondolewa, na juu ya bati kulikuwa na kitambaa cha kufuma chenye waridi kwenye pembe zake nne, kimelowa, kimeshikizwa kwa mawe ili upepo usikichukue. Mjane wake aliniambia kwamba marehemu alikuwa akikibadilisha kila mwaka, baada ya kuuliza kwanza kama moto umezimwa kweli.

Nilitazama mitungi: haipo. Nikatazama koki: imefungwa. Pembe moja ya kitambaa ilikuwa imekunjamana, nikainyoosha, nikarudisha jiwe juu yake.